Kuchora Ukubwani

Hotuba ya kufungua darasa la kuchora la watu wazima, Tanga

Wazee wetu, kina mama na kina baba, na vijana mliokaa mbele: asalaam alaykum, na poleni na shughuli za asubuhi.

Karibu kila aliyejiandikisha pale mlangoni amesema jambo lile lile: "Mimi sina kipaji, nimekuja kujaribu tu." Naomba tulizungumze jambo hilo kabla hatujagawa penseli. Ndilo lililowafanya wengi wenu mkae miaka thelathini au arobaini bila kuchora chochote zaidi ya ramani ya kumwelekeza mgeni nyumbani.

Nchi hii inajua kuwafundisha watu wazima. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya watu walikaa chini ya miembe, barazani na kwenye madarasa ya watoto wao, wakajifunza a, e, i, o, u wakiwa tayari na wajukuu. Wapo humu ambao mama zao walipita kwenye kisomo kile. Je, kuna aliyemwambia bibi yule kwamba kusoma ni kipaji, na kwamba kama hakuzaliwa nacho basi arudi jikoni? Hakuna. Aliambiwa kwamba hakufundishwa, na sasa atafundishwa. Akapewa ubao, chaki, herufi moja, na mwalimu aliyerudi kesho yake. Baada ya muda akasoma mwenyewe barua ya mwanawe. Hakuna aliyetaka awe malenga. Alitaka kusoma barua, akaisoma.

Mimi nasema kuchora nako ni kisomo. Kipaji kipo, sikikatai, na nimekutana na watu waliokuwa nacho. Lakini kipaji kinamtenga mchoraji mzuri na mchoraji wa ajabu. Hakimtengi mtu anayeweza kuchora birika likaonekana birika na mtu asiyeweza. Hao wawili wanatengwa na mafunzo, na mafunzo yenyewe wengi wenu hamkuyapata.

Watoto wote huchora. Mpe mtoto wa miaka mitano kipande cha mkaa na ukuta uliopakwa chokaa, hutamwambia mara mbili. Tatizo huja baadaye, akiwa na miaka tisa au kumi hivi, anapoanza kutaka mchoro wake ufanane na kitu chenyewe. Anachora ng'ombe, anamtazama ng'ombe, anauona mchoro haufanani. Hapo ndipo alipohitaji mtu wa kumwonyesha. Badala yake wengi waliambiwa "chora vizuri", wakachekwa, au wakaambiwa waache kuchafua madaftari kwa sababu somo hilo halimo kwenye mtihani. Wakaacha. Ndiyo maana ukimwomba mtu wa miaka hamsini, mwenye akili zake na kazi yake, achore mtu, anachora mtu wa darasa la nne: kichwa duara, vidole vijiti, macho karibu na nywele. Mkono wake hauna kasoro. Somo lilikatika, likabaki lilipokatikia.

Na kuhusu huo mkono, tusiudharau. Fundi cherehani anapotandika kitambaa na kuchora mkunjo wa kwapa kwa chaki, anachora. Ule mkunjo ukikosewa kwa upana wa kidole, shati halivaliki. Mama anayempamba bibi harusi kwa hina na piko anachora maua na majani kwenye ngozi ya mtu aliye hai, anayepumua na kucheka, na hana cha kufutia. Anaanzia kwenye kifundo, anapanda na mkono mpaka kwenye kiwiko, na upande wa pili unalingana na wa kwanza. Ukimuuliza mama huyo kama anajua kuchora, atakwambia, "Sijui mwanangu, mimi naweka hina tu." Wako wawili humu leo, nimewaona wakijiandikisha, na wote wawili wameandika kwamba hawajawahi kuchora.

Sasa, ugumu uko wapi? Uko kwenye kujua kwetu. Mtu mzima anavijua vitu mno. Amevishika, amevinunua, amevitengeneza, na anapokaa kuchora anachora anachokijua badala ya kile kilicho mbele ya macho yake.

Nimeweka mbuzi ya nazi juu ya meza hii. Itazameni. Hakuna asiyeijua humu: mbao mbili zilizopishana, ule mrefu ndio tunaoukalia, na mbele yake kuna ulimi wa chuma wenye meno. Mtu anayeanza, nikimwambia aichore, kwanza ataweka ubao wa kukalia, na atauchora mpana, kama anautazama kutoka darini. Halafu atazichora mbao za chini kama anazitazama kutoka ubavuni. Halafu ulimi ataulaza upande, ili meno yote yaonekane, na atayapanga sawasawa moja baada ya jingine. Kila kiungo kimechorwa kutoka pale kinapojulikana vizuri zaidi. Ukiviunganisha, ni mbuzi ambayo hakuna mtu duniani anayeweza kuiona, kwa sababu angelazimika kuwa darini, ubavuni na mbele kwa wakati mmoja.

Mama uliyekaa mstari wa mbele kabisa, usawa wa meza, tazama kutoka hapo ulipo. Ubao wa kukalia unauona kama ukanda mwembamba tu, hauzidi unene wa kidole. Ulimi unakuja kwako moja kwa moja, kwa hiyo urefu wake umekwisha: unachokiona ni kile kichwa cha mviringo chenye meno, na nyuma yake kijipande kifupi cha chuma. Unajua kwamba chuma kile kina urefu wa shibiri. Umekuna nazi nacho tangu ukiwa binti. Na ndiyo sababu ukifika kukichora mkono wako utakirefusha. Akili itabisha, itasema: haiwezekani kikawa kifupi hivyo, chuma chenyewe nakijua. Kubishana na akili kwa namna hiyo ndiyo kazi ya miezi yenu ya mwanzo, na nawaambia mapema ili ikianza msidhani ni upungufu wenu. Kila anayejifunza kuchora ukubwani anapambana nayo.

Ipo njia ya kuinyamazisha. Acheni mbuzi, tazameni hewa. Chini ya ubao, pale mbao zinapopishana na kugusa meza, pana pembetatu ya hewa. Pana nyingine upande wa pili, ndogo zaidi, imelala. Chora pembetatu ile ya kwanza kama umbo lenyewe: upande upi mrefu, ncha ipi imechongoka, imeinamia wapi. Akili haina kumbukumbu ya pembetatu ile. Haijawahi kuinunua wala kuikalia, kwa hiyo haina la kubishia, na jicho linapata nafasi ya kufanya kazi. Ukishachora mapengo yote, utakuta mbao zimekaa penyewe katikati yake, na zimekaa sawa. Wachoraji huziita nafasi tupu. Ni mbinu ya zamani na inafundishwa kila mahali, na bado kila mwaka naona watu wazima wakishtuka kwa furaha inapowatokea kwa mara ya kwanza.

Mkirudi nyumbani, fanyeni jambo hilo hilo kwa kikombe cha chai. Kiweke mezani, kitazame kwa juu kidogo. Mdomo wa kikombe hauonekani duara, unaonekana duaradufu, duara lililobanwa. Inua kikombe polepole hadi mdomo uwe usawa wa jicho: duaradufu inabanwa, inabanwa, mpaka inakuwa mstari. Kishushe, inafunguka tena. Kwa hiyo kitako cha kikombe, ambacho kiko chini zaidi ya jicho kuliko mdomo, kinakuwa na mkunjo mkubwa kuliko wa mdomo. Wanaoanza hufanya kinyume: mdomo wanaufungua wote kwa sababu wanajua ni duara, na kitako wanakikata kwa mstari ulionyooka kwa sababu wanajua kikombe kimekaa mezani hakiyumbi. Baiskeli, ambayo Tanga hii tumejaa nazo, tusianze nayo. Magurudumu yake mawili yana shida hiyo hiyo mara nne, na ni bora mtu aizoee kwanza kwenye kikombe.

Kupima. Nyoosha mkono wote, kiwiko kisipinde, fumba jicho moja, na utumie penseli kulinganisha: upana wa mbuzi unaingia mara ngapi kwenye urefu wake? Kiwiko kikipinda kipimo kinabadilika, kwa hiyo msione vibaya nikipita nikiwagusa viwiko. Penseli hiyo hiyo ilazeni kufuata mwinamo wa ubao, halafu mshuke nayo hadi kwenye karatasi bila kuuzungusha mkono. Wengine huona kupima ni udanganyifu, wanadhani mchoraji wa kweli hutupa mstari tu ukakaa. Seremala hapimi?

Vincent van Gogh, Mholanzi ambaye picha zake zinajulikana dunia nzima, aliamua kuwa mchoraji mwaka 1880 akiwa na miaka 27. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi kwenye maduka ya picha, amefundisha shule, na amehubiri kwa wachimba makaa ya mawe huko Borinage, Ubelgiji. Alianza kwa kunakili karatasi za mazoezi za Charles Bargue, moja baada ya nyingine, kama mwanafunzi yeyote. Michoro yake ya miaka ile ya mwanzo imehifadhiwa, na ina watu wenye miili migumu na viungo visivyolingana. Mwaka 1882, akiwa The Hague, alitengenezewa fremu yenye nyuzi zilizokatizana, akawa anatazama ufuo na mashamba kupitia ndani yake ili ajue kila kitu kinaangukia mraba upi. Akaichora fremu hiyo katika barua kwa ndugu yake Theo, akimweleza inavyofanya kazi. Hakuona haya. Alifariki mwaka 1890, kwa hiyo kazi yake yote, kutoka kuanza hadi mwisho, ni miaka kumi. Fremu kama yake mnaweza kuitengeneza kwa boksi la sabuni na uzi wa cherehani, na wiki ya tatu tutaitengeneza hapa.

Na tusiende mbali. Edward Said Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya mkoa wetu huu, kisha akahamia Dar es Salaam, akafanya vibarua na kazi za nyumbani kwa watu. Alianza kuchora mwaka 1968 hivi, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita. Chuo cha sanaa hakukiona. Alichukua vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, rangi ambazo fundi yeyote angeweza kuzipata, akachora wanyama na ndege na kuwauzia wapita njia. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa makosa, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka kama minne. Ndugu na vijana aliowafundisha waliendelea, na leo aina ile ya uchoraji inaitwa kwa jina lake. Nawaambia wazi kwamba hapa hatutajifunza mtindo wake. Yeye aliwachora wanyama kutoka kichwani, kwa umbo lililopambwa na nukta na rangi kali, na hiyo ni shule yake yenyewe yenye walimu wake. Namtaja kwa sababu ya ule umri, na kwa sababu ya ile rangi ya baiskeli. Alianza na alichokuwa nacho.

Vifaa vyetu ni penseli mbili, HB na 4B, raba, kichongeo, na daftari lisilo na mistari. 4B ni laini na nyeusi zaidi, itafaa kwa vivuli. Msinunue zaidi ya hapo. Nimeona watu wakinunua masanduku ya rangi siku ya kwanza, kisha wanaogopa kuyafungua wasije wakaharibu. Karatasi ya bei nafuu ina faida kubwa kwa anayeanza: hutaionea huruma.

Kuhusu uso wa mtu nitasema jambo moja tu, mengine yatafika kwa wakati wake. Macho yako katikati ya kichwa. Pimeni kwa penseli, kutoka utosini hadi jichoni, na kutoka jichoni hadi kidevuni: ni sawa, au karibu sana na sawa. Karibu kila anayeanza huyaweka macho juu, kwa sababu tukizungumza na mtu tunatazama macho, pua na mdomo, paji la uso na utosi hatuna habari navyo. Aliyevaa kofia au mtandio anadanganya jicho zaidi, kwa hiyo kumbukeni kwamba chini ya kitambaa kichwa kinaendelea.

Wapo pia ambao wameniuliza faraghani kuhusu kuchora viumbe vyenye roho, kwa upande wa dini. Nalichukulia swali hilo kwa uzito, na si mimi wa kulitolea fatwa, kila mmoja ana shehe wake. Ninachoweza kusema ni kwamba hapa tutaanza na vyombo, milango, miti na nyumba, na atakayetaka kubaki hapo miaka yote abaki, hatakosa la kujifunza. Milango ya nakshi ya Unguja na Lamu ina majani, maua na minyororo ya kumtosha mchoraji maisha yake. Atakayetaka kuendelea na nyuso ataendelea. Asiwepo wa kumsema mwenzake.

Simu. Najua video zipo, "namna ya kuchora jicho", "namna ya kuchora waridi". Mnaweza kuzitazama, lakini si katika miezi hii mitatu. Video ya namna hiyo inakufundisha jicho la yule aliyeitengeneza, na utalibandika jicho hilo kwa kila mtu utakayemchora, babu na mjukuu wake. Hata kuchora kutoka kwenye picha ya simu kungojee. Simu imeshafanya kazi ya kukibana kitu kikawa bapa, na kazi hiyo ndiyo tuliyokuja kujifunza. Na jambo jingine, ambalo naliomba kwa nguvu: michoro ya wiki za mwanzo msiipeleke kwenye magrupu ya familia. Shemeji akiweka kikaragosi cha kucheka, hata kwa mapenzi, anaweza kukurudisha pale pale mlipokatishwa mkiwa na miaka kumi. Mchoro unaojifunzia ni wako na wa mwalimu wako. Uandike tarehe pembeni, uufunike, ufungue ukurasa mpya. Msichane hata mmoja. Baada ya miezi mitatu tutayafungua madaftari kuanzia mwanzo, na mtajiona wenyewe.

Muda gani wa mazoezi? Robo saa kila siku, baada ya chakula au kabla ya Alfajiri kwa wanaoamka mapema. Robo saa ya kila siku nimeiona ikiwajenga watu kuliko saa tatu za Jumapili, kwa sababu jicho linasahau haraka. Chora kiatu chako. Chora mkono wako wa kushoto ukiwa umeukunja, na safari hii usitazame karatasi kabisa: jicho lako litembee polepole kwenye ukingo wa kidole kama chungu, na penseli ifuate kwa mwendo ule ule, mpaka kwenye makunyanzi ya kiungo, uyapite moja moja. Kitakachotokea kwenye karatasi kitakuwa kimepinda na hakitafanana na mkono. Hilo halina neno. Zoezi ni la jicho, na ndani yake mtakuta vipande vya mstari, labda nusu inchi pale kwenye kucha, ambavyo ni vya kweli kuliko chochote mlichowahi kuchora.

Nataka sana mfanikiwe. Nimeona mzee aliyestaafu bandari akichora mashua kwa saa nzima, na alipomaliza akaniambia kwamba amefanya kazi karibu na mashua maisha yake yote na leo ndiyo ameona jinsi ubavu unavyojipinda kwenda tezi. Hakuwa anazungumzia mchoro wake. Alikuwa anazungumzia mashua. Kinachopatikana hapa ni hicho, na mtu mzima anakifaidi kuliko mtoto, kwa kuwa vitu vinavyomzunguka ana miaka mingi navyo.

Basi tuanze. Vuteni viti mzunguke meza, kila mmoja aione mbuzi kutoka upande wake, na msiwatazame jirani zenu maana mbuzi ya jirani si mbuzi yenu. Wenye miwani ya kusomea tu, kaeni karibu, mtahitaji kuinua macho na kuyashusha mara nyingi na miwani ile haioni mbali. Wanaotumia mkono wa kulia, dirisha liwe kushoto kwenu ili kivuli cha mkono kisiangukie mstari. Wa mkono wa kushoto njooni upande huu. Raba zote zikusanywe kwenye hili sahani, tutazirudisha saa sita. Mstari ukikosea, uache ulipo, chora mwingine pembeni yake.